Kipande cha Kumi na Tatu

Mpelelezi aliipindua karatasi juu chini, akaitazama kitambo, kisha akairudisha kama ilivyokuwa.

"Grafu haisomwi hivyo," alisema Profesa.

"Najua. Nilitaka kuona kama itasema neno lile lile nikiikamata miguuni."

Profesa hakutabasamu. Alikuwa mkuu wa maabara, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba nyeusi. Nyuma ya mgongo wake wafanyakazi walimwita Bi Desimali, kwa sababu aliwahi kurudisha ripoti ya kurasa themanini kwa ajili ya nukta moja iliyowekwa pasipo pake. Meza yake ilikuwa tupu, ila karatasi ile, kalamu mbili, na barua ya Tume ya Maadili ya Utafiti iliyomtambulisha mgeni wake.

Barua ilikuwa fupi. Mwanafunzi wa uzamivu, binti wa mwaka wa tano, alituhumiwa kughushi tokeo la utafiti. Kamati ingekaa saa tisa alasiri. Ikithibitika, angefukuzwa, na jina lake lingepelekwa katika vyuo vyote ili pasiwe na mlango utakaomfungukia tena. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

"Nieleze upya," alisema Mpelelezi. Aliwahi kuwa askari wa kuandika maelezo ya mashahidi kwa miaka ishirini na mitano, na penseli yake ilikuwa imechongwa ncha zote mbili. "Nieleze kama mtu uliyemkuta anasubiri basi."

"Tunachukua viini viwili vizito vya atomi za madini ya risasi. Tunavikimbiza kwa mwendo unaokaribia wa mwanga, tunavigonganisha. Vikikutana uso kwa uso, mahali vilipogusana pana umbo la duara. Vikipigana bega kwa bega, mahali hapo pana umbo la lozi. Ndani ya lozi mna joto na mgandamizo usio na kifani, na mgandamizo husukuma kwa nguvu zaidi kuelekea upande ule ambao lozi ni nyembamba. Kwa hiyo chembe zinazotoka haziendi pande zote sawasawa. Ukizihesabu kuzunguka duara zima, utaona vilele viwili vinavyotazamana. Huo ndio tunaouita mtiririko wa duaradufu."

"Na mnauonaje?"

"Kwa kifuatiliaji. Ni pipa kubwa linalozunguka mahali pa mgongano. Kila chembe ikipita inaacha nyayo, na pipa linazinasa. Nusu ya mbele ya pipa inatuambia lozi ilikuwa imelala upande gani. Nusu ya nyuma inatuambia ni chembe ngapi zilifuata upande huo."

Mpelelezi aligusa grafu. Palikuwa na safu mbili za nukta. "Hizi nyeusi?"

"Maabara nyingine duniani. Uso kwa uso, asilimia mbili. Bega kwa bega, nane. Pembezoni kabisa, sita."

"Na hizi nyekundu ni za binti. Tano. Kumi na moja. Tisa."

"Ndiyo."

"Data ghafi?"

"Imefungwa. Hakuna anayeweza kuigusa bila kompyuta kuandika saa na jina. Sijaona jina lolote. Lakini hesabu alifanya yeye peke yake, na folda ya hesabu ina ufunguo wake tu. Jumatatu maabara nyingine walituandikia kuuliza. Jumanne asubuhi alifuta faili moja."

"La nini?"

"Hataki kusema."

"Na wewe, Profesa, ulilitaka tokeo hili?"

Profesa alivua miwani. "Nililitangaza mkutanoni mbele ya watu mia tatu. Andika hilo pia, usilione haya."

Aliliandika. Kisha akauliza, "Hiyo ya uso kwa uso. Nani anajua kwamba inapaswa kuwa ndogo?"

"Kila mtu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Duara halina upande mwembamba."

"Basi mwizi wetu ameiba mchana kweupe, akaacha viatu vyake mlangoni." Alikunja karatasi akaitia mfukoni. "Mtu anayejua kazi haghushi mahali ambapo kila mwenziwe anajua jibu. Hapo mimi ninasita."

"Kusita si ushahidi."

"La. Lakini huwa kunanionyesha chumba cha kuanzia."

*

Chumba cha udhibiti kilikuwa chini ya ngazi mbili, hakina dirisha, na kilinukia vumbi lililopashwa moto. Ukuta mzima ulikuwa skrini. Katikati palikuwa na ubao wa chuma wenye taa kumi na nane zilizopangwa kwa duara kama namba za saa iliyozidishiwa saa zake. Zote zilikuwa za kijani. Kando ya ubao, kwenye msumari, palining'inia kadi ngumu iliyokunjika pembe.

Fundi wa zamu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpana wa mabega, mpole wa miguu. Aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba sinia la mviringo juu ya kiganja, na juu yake vikombe vinne vya chai vilivyokaa mkao wa msalaba.

"Karibu, mkubwa. Wameniambia umetumwa kutunyonga, nikasema mtu hanyongi bila kunywa chai."

"Ninakunywa kwanza, kisha ninaangalia kamba."

Fundi alicheka hadi mabega yakatikisika, lakini sinia halikutikisika. Mpelelezi alichukua kikombe kilichokuwa karibu naye. Fundi, bila kukatiza maneno yake, alikiondoa kikombe cha upande wa pili, akakiweka mezani.

"Una mkono mzuri," alisema Mpelelezi.

"Miaka ishirini hospitali, mkubwa. Maabara ya damu. Tulikuwa na ile mashine ya kuzungusha vichupa. Ukitia kichupa cha damu upande mmoja, lazima utie cha maji upande wa pili. Siku moja kijana mgeni akasahau. Mashine ikaanza kutembea mezani kama inakwenda kudai talaka. Ikafika ukingoni, ikajitupa."

"Na huku ulikujaje?"

"Hospitali walinunua mashine inayojisawazisha yenyewe. Wakanipongeza, wakaniaga." Alinywa chai. "Huku nimekuta hizi kumi na nane. Pipa limegawanywa vipande kama chungwa, kila kipande kimenyooka tangu mbele hadi nyuma. Kila kipande na taa yake. Kijani, kinafanya kazi. Nyekundu, kimezimika, na kompyuta inaandika yenyewe ili watu wa hesabu wakitoe hesabuni."

"Wote wazima leo?"

"Wote. Isipokuwa huyu namba nne ana homa za mara kwa mara. Joto likipanda anataka kuzimika. Ninamshusha volti kidogo, anapumzika, taa inabaki kijani, kazi inaendelea."

"Unaandika katika daftari la zamu?"

"Kikizimika, ninaandika. Kushusha kidogo si kuzima."

Mpelelezi alitazama kadi kwenye msumari. Ilikuwa na mistari ya miraba, na tarehe zilizoandikwa kwa herufi ndogo ndogo. Hakuuliza. Aliuliza kuhusu binti.

Fundi aliweka kikombe chini. "Yule ni mpwa wangu. Dada yangu alifariki yeye akiwa na miaka sita, nikamchukua. Nilimfundisha kusoma saa. Wiki ya pili akaanza kunisahihisha. Nikisema saa nne, yeye anasema saa nne na dakika tatu, Mjomba. Mtoto wa namna hiyo aghushi namba? Afadhali uniambie ameiba treni."

"Alikuja hapa kwa sababu yako?"

"Ndiyo. Alikuwa akiniletea chakula, akasimama hapo ulipo, akaniuliza taa hizi zinalinda nini. Nikashindwa kumjibu, akaenda kusomea." Alisugua shingo. "Mimi nimebakiza miezi minne nistaafu. Nilikuwa ninataka kuondoka nikiwa nimemwona amevaa joho."

*

Binti alikuwa katika chumba cha maktaba, mikono juu ya meza. Alikuwa amekwisha kufungasha vitabu vyake katika sanduku la karatasi, na sanduku amelifunga kwa uzi.

"Umejihukumu kabla ya kamati," alisema Mpelelezi akivuta kiti.

"Shikamoo, Mzee. Ninataka kukupunguzia kazi. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyefanya nini?"

"Nilizidisha namba. Nilitaka tokeo liwe kubwa."

"Ulizidisha kwa ngapi?"

Alisita kidogo tu. "Kwa moja nukta nne."

Mpelelezi alifungua karatasi yake, akailamba ncha ya penseli. "Mimi si mtu wa hesabu, nisaidie. Nane mara moja nukta nne?"

"Kumi na moja na kidogo."

"Vizuri, grafu yako inasema kumi na moja. Sasa mbili mara moja nukta nne?"

Binti alitazama uzi wa sanduku.

"Mbili mara moja nukta nne, binti yangu."

"Mbili nukta nane."

"Na grafu yako inasema tano." Alizungushia nukta ile duara. "Mtu akizidisha, kikubwa hupanda sana na kidogo hupanda kidogo. Hapa kila kimoja kimepanda tatu. Tatu, tatu, tatu. Kuna kitu kimeongezwa juu ya zote, wala hakijali mgongano ulikuwa wa namna gani. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Umeniletea uongo mbovu wa hesabu, na wewe si mbovu wa hesabu. Kwa hiyo uongo huu umeutunga asubuhi ya leo, kwa haraka, na si kwa faida yako."

"Andika nilivyosema."

"Faili ulilolifuta lilikuwa la nini?"

Binti alikaza fundo la uzi.

"Unamkinga nani?"

"Mzee, andika ni mimi. Mimi bado nina umri wa kuanza upya."

Penseli ilisimama. Kisha ikaandika sentensi ile kama ilivyotamkwa, neno kwa neno, na chini yake ikapiga mstari mmoja.

*

"Ninaomba jaribio," alimwambia Profesa.

"La aina gani?"

"La kipolisi. Mashahidi wawili wa ajali moja wakisimulia kisa kimoja, hilo ni jambo la kawaida, wote waliiona. Lakini nikimchukua shahidi wa ajali ya Jumatatu na shahidi wa ajali ya Alhamisi, watu wasiowahi kuonana, nao wakasimulia kisa kimoja, ninajua kuna mtu aliyewakalisha chini akawafundisha. Sasa wewe una mashahidi wawili. Nusu ya mbele ya pipa inasema lozi imelala wapi, nusu ya nyuma inasema chembe zimekwenda wapi. Je, ukichukua ya mbele kutoka mgongano mmoja, na ya nyuma kutoka mgongano mwingine kabisa?"

Profesa alichukua kalamu. "Lozi ya mgongano mmoja haijui lozi ya mwingine. Zimelala kila moja kivyake. Jibu linapaswa kuwa sufuri."

"Likiwa sufuri, ninaandika kwamba binti ameghushi."

Hesabu ilichukua dakika arobaini. Mpelelezi aliomba pembe ya kuswalia, akapewa chumba cha ramani. Aliporudi, Profesa alikuwa amesimama mbele ya skrini, miwani mkononi.

"Tatu," alisema. "Migongano milioni mbili, imechanganywa kama karata. Tatu."

"Na faili lililofutwa?"

Profesa alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena. "Sioni yaliyokuwamo, ila kompyuta imehifadhi jina lake. Linaitwa mchanganyiko." Aliketi. "Alifanya jaribio hili hili. Alijua tangu Jumanne kwamba si lozi, ni pipa. Lingemsafisha, naye akalifuta."

"Kwa hiyo aliyewafundisha mashahidi ni pipa lenyewe. Mahali gani?"

Walizitandaza nyayo kuzunguka duara, kipande baada ya kipande. Vipande kumi na sita vilisimama kimo kimoja. Viwili vilikuwa vimezama: cha nne, na cha kumi na tatu.

"Vinatazamana," alisema Mpelelezi.

"Sawasawa kabisa. Na kila kimoja kinapita mbele na nyuma, kwa hiyo nusu zote mbili zina upofu ule ule." Sauti ya Profesa ilishuka. "Pipa linaona chembe chache pande hizi mbili, na nyingi pande nyingine mbili. Vilele viwili. Limetuchorea duaradufu lenyewe."

"Hamna ukaguzi?"

"Kila asubuhi. Nimeubuni mimi. Unapima kama pipa limeelemea upande mmoja. Kingekuwa kipande cha nne peke yake, ungepiga kelele siku hiyo hiyo. Vikiwa viwili vinavyotazamana, unapima huku, unapima kule, unakuta sawa." Aligusa skrini. "Cha nne kinaugua, hilo tunalijua. Lakini cha kumi na tatu hakijawahi kuugua hata siku moja. Nani amekigusa? Na kwa nini?"

Mpelelezi alikuwa akitazama kiganja chake, kama kwamba kuna kitu kimewekwa juu yake. Alihesabu kwa penseli kwenye ukingo wa karatasi: moja, mbili, hadi kumi na nane, kwa duara. Kisha akaandika neno moja: *sinia*.

"Njoo tunywe chai," alisema.

*

Ilikuwa saa nane na robo. Fundi aliwaona wakiingia wote wawili, akaenda kuleta sinia. Vikombe vinne, msalaba. Mpelelezi alichukua kimoja. Mkono wa Fundi ukakiondoa cha mkabala.

"Kwa nini umekiondoa hicho?"

"Kipi?" Fundi alikitazama kikombe alichokishika kana kwamba amekutana nacho njiani. "Ah! Lisije likaelemea."

"Na namba nne ukimshusha?"

"Ninamshusha na kumi na tatu, bila shaka. Ndiye mwenzake wa mkabala."

Profesa alifungua kinywa. Mpelelezi aliinua penseli, naye akakifunga.

"Nani alikuagiza?"

"Kuagizwa? Mkubwa, utaagizwaje kufunga mlango ukitoka? Huwezi kuacha upande mmoja umepungua na wa pili…"

Alisita. Aliutazama ubao, taa ya nne, kisha kwa mwendo wa polepole macho yake yakavuka duara hadi ya kumi na tatu. Hakuna aliyemsaidia.

"Hili pipa halizunguki," alisema.

"Halizunguki," alisema Profesa.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Binti alisimama kizingitini, sanduku la vitabu mikononi, akihema. Alikuwa amewaona wakishuka ngazi. "Mjomba, usiseme kitu!"

"Nimeshasema, mama." Aliweka sinia mezani. "Ulijua?"

"Tangu Jumanne."

"Ukanyamaza."

"Umebakiza miezi minne."

"Kwa hiyo ulitaka uandikwe mwizi, mimi nikae nyumbani nilee miguu, nile pensheni, nikiulizwa mpwa wako yuko wapi niseme nini? Niseme namba zilimshinda?" Sauti yake haikupanda, lakini kikombe kilichokuwa mkononi kilimwaga chai. "Nilikufundisha saa ili unifiche wakati?"

"Nilikuwa ninataka uondoke kwa heshima."

"Heshima gani hiyo unayoninunulia kwa yako?"

Binti alijifuta macho kwa ukingo wa mkono. Mpelelezi aliwaacha kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Profesa, tukijua siku zipi vipande hivi vilishushwa, namba zinaweza kurekebishwa?"

"Kwa siku na kiasi, ndiyo. Kila siku kwa uzito wake. Lakini kompyuta haihifadhi volti zilizoshushwa, inahifadhi kuzimika tu. Bila tarehe, mwaka mzima wa data ni wa kutupa."

Mpelelezi alinyoosha penseli kwenye msumari. "Ile ni nini?"

Fundi aliigeukia kadi kama mtu anayeonyeshwa picha yake ya utotoni. "Ni kadi ya mgonjwa. Hospitali hatukuwa na mgonjwa bila kadi. Namba nne akipata homa, ninaandika. Tarehe, saa, volti ngapi nimemshusha, saa ngapi nimempandisha."

"Na kumi na tatu?"

"Yule si mgonjwa, hana kadi. Lakini ni kiasi kile kile, saa ile ile. Siku zote sawa."

Profesa alikwisha kuitoa kadi msumarini. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mbele na nyuma, na kidole kilipofika chini alikuwa hasemi tena kwa sauti ya Bi Desimali. "Mara ishirini na tatu. Ameandika hadi nusu volti."

"Tupe dakika ishirini," alisema binti. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye kompyuta.

Zilipita ishirini na sita. Uso kwa uso, mbili nukta moja. Bega kwa bega, saba nukta tisa. Pembezoni, sita. Lozi ilikuwapo muda wote. Ilikuwa imevalishwa nguo isiyo yake.

Mpelelezi aliandika ripoti yake akiwa amesimama, daftari kwenye ukingo wa ubao. Alisoma kwa sauti ili pasiwe na atakayesema hakusikia. Kwamba hakuna namba iliyoghushiwa. Kwamba kosa lilitoka kwenye mazoea ya mkono mwema uliotoka katika kazi nyingine. Kwamba ukaguzi wa asubuhi haukuweza kuliona.

"Andika kwamba ukaguzi ni wangu," alisema Profesa.

Aliandika. Kisha penseli ikasimama, naye akamgeukia binti.

"Umefuta faili. Na asubuhi umenipa maelezo ya uongo. Siwezi kuyasahau hata kama ningependa, yameandikwa."

"Yaandike, Mzee."

"Watakuchelewesha. Pengine mwaka."

"Yaandike."

Fundi aliomba karatasi, akaandika maelezo yake mwenyewe, mafupi, akatia sahihi. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane. Walikuwa wanaelekea mlangoni taa ya nne ilipoanza kupepesa.

Fundi alirudi. Alizungusha kitufe cha nne, polepole, volti mbili. Taa ikatulia. Mkono wake ukavuka ubao, peke yake, hadi kitufe cha kumi na tatu, vidole vikakishika.

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, sanduku la vitabu kifuani, uzi ameufungua.

Vidole vikaachia. Fundi alifungua daftari la zamu, akaandika: *Saa 8:53. Kipande cha nne, kimeshushwa volti mbili.* Aliitazama sentensi ile, namna ilivyokaa peke yake ukurasani.

"Saa nane na dakika hamsini na nne, Mjomba," alisema binti.

Fundi alifuta tatu, akaandika nne, akachukua sanduku kutoka mikononi mwa binti, wakapanda ngazi kwenda mbele ya kamati.